Wasomaji Wanauliza: Earl Cameron

SWALI: Nimetazama The Interpreter nikavutiwa na mzee anayeigiza Rais Zuwanie. Ni nani, na mbona jina lake halivumi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ni Earl Cameron. Alizaliwa Pembroke, Bermuda, tarehe 8 Agosti 1917, akafika London mwaka 1939 akiwa baharia. Jukwaani aliingia kuziba pengo la mwenzake katika Chu Chin Chow. Baadaye sauti yake ilinolewa na Amanda Aldridge, binti wa Ira Aldridge, Mmarekani mweusi aliyetamba Ulaya karne ya 19 kwa kuigiza Othello.

Filamu iliyomtambulisha ni Pool of London (1951) ya Basil Dearden. Humo ni Johnny, baharia wa Kijamaika anayependana na msichana mzungu, jambo ambalo sinema za Uingereza zilikuwa hazijaligusa kwa uzito ule. Mwigizaji mzungu aliyeanza hivyo angepewa filamu nyingine ya kuongoza mwaka uliofuata. Cameron hakupewa. Waandishi wa miswada walimkumbuka mtu mweusi pale tu rangi ilipokuwa ndiyo mada, au walipohitaji msaidizi: katika Sapphire (1959) ni daktari, kaka wa msichana aliyeuawa, katika Thunderball (1965) ni Pinder, anayemsaidia James Bond kule Bahamas. Kazi nzuri zote, ila dakika zake ni chache. Kisha mwaka 1979 alihamia Visiwa vya Solomon kuitumikia imani yake ya Kibahá'í, akakaa huko karibu miaka 15. Kwa mwigizaji, huo ni muda wa kusahauliwa kabisa.

SWALI: Ni kweli aliigiza Mau Mau? (Msomaji, Nyeri)

JIBU: Ndiyo, katika Safari (1956) ni Jeroge, mpiganaji wa Mau Mau. Ila inayokumbukwa zaidi ni nyingine, na humo si Mau Mau. Katika Simba (1955) ni Dakta Peter Karanja, Mkikuyu anayetibu watu huku walowezi wakimshuku, na baba yake mwenyewe yumo katika uongozi wa Mau Mau. Filamu ilitoka Hali ya Hatari ikiwa bado inaendelea Kenya, na inayatazama mambo kutoka kibarazani kwa mlowezi, kwa hiyo usiitumie kujifunzia historia. Mtazame Cameron. Muswada umemfanya Karanja awe mfano wa "Mwafrika mwema", yeye akampa heshima na uchovu wa mtu halisi, na ndiye anayebaki akilini kuliko Dirk Bogarde mwenye jina kubwa kwenye bango.

SWALI: Nianze na ipi? (Msomaji, Muscat)

JIBU: Pool of London, kisha Sapphire, kisha ruka hadi The Interpreter (2005). Ukianza na hii ya mwisho hutaona alivyokuwa akibana nguvu zake kwa miaka 50. Ngoja pale Nicole Kidman anapomlazimisha, bastola mkononi, asome maneno ya kitabu chake mwenyewe: dikteta anazeeka mbele ya macho yako. Na tega sikio, kwani Kiku, lugha ya kubuni inayosikika humo, iliundwa na Said el-Gheithy, mzaliwa wa Tanzania, kwa kuchota katika lugha za Kibantu.

Cameron alifariki Julai 2020 akiwa na miaka 102. Kabla ya hapo alipita katika Inception (2010), kwenye sehemu inayosemekana ni Mombasa ingawa ilipigwa Tangier. Wahusika wakuu wanaposhuka chumba cha chini chenye watu waliolala, yule mzee mwenye upara anayesema kwamba hawa huja kuamshwa, si kulala, ni yeye.