Mussolini alichukua mabenki: si ujamaa huo?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mwanangu wa kidato cha nne anasema mdororo wa uchumi wa 1929 ulipoikumba Italia, Mussolini, dikteta wa huko, alitia mabenki mkononi mwa dola. Eti huo si ujamaa? Nimekosa la kumjibu. (Baba Rehema, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Mwanao kaona kitu, ila kaishia njiani.

Benki tatu kubwa, Banca Commerciale, Credito Italiano na Banco di Roma, zilikuwa zimejaza hisa za viwanda. Bei zilipoporomoka zikabaki na makaratasi, na akiba za watu zimo humo humo. Januari 1933 serikali ikaunda shirika liitwalo IRI, likazitua benki mzigo huo kwa fedha ya umma. Ndivyo dola ilivyojikuta na viwanda vya chuma, meli, hata magari ya Alfa Romeo. Mpango wa awali ulikuwa kuviuza tena kwa matajiri, na baadhi viliuzwa. IRI ilifanywa ya kudumu mwaka 1937, vita vikinukia.

Kichekesho ni kwamba mkuu wa IRI, Alberto Beneduce, aliwahi kuwa mjamaa hasa. Binti yake alimwita Idea Nuova Socialista, Wazo Jipya la Kijamaa! Lakini muulize kijana: mfanyakazi alipata nini? Migomo ilipigwa marufuku tangu 1926. Mwaka 1930 watumishi wa serikali walikatwa asilimia 12 ya mshahara, na viwandani nako panga likapita. Mwenye kiwanda kaokolewa, bili kapelekewa kibarua.

Halafu 1935 Italia ikaivamia Ethiopia, Shirikisho la Mataifa likaiwekea vikwazo, na dhahabu ikawa adimu. Tarehe 18 Desemba wanawake walipanga foleni Roma kutoa pete zao za ndoa, Malkia Elena akiwa wa kwanza. Nilipokuwa nafundisha Iringa, sista mmoja mzee wa Kiitaliano alinionyesha pete ambayo mama yake alipewa badala yake. Ya chuma, nyepesi, ndani imechorwa "Oro alla Patria", dhahabu kwa taifa, na siku vikwazo vilipoanza: 18 Novemba XIV. Hiyo XIV, kumi na nne, ni mwaka wa utawala wa Mussolini na wenzake. Hata kalenda walijitungia.

Nikamuuliza kama mama alitoa kwa hiari. Akacheka, akaivaa ile pete kidoleni. "Mwalimu," akasema, "jirani alikuwa anatazama hapa."