Namba 4,294,967,297 ni tasa?

SWALI: Nimeigawa 4,294,967,297 kwa namba tasa zote hadi 100, kila mara kunakuwa na baki. Programu niliyoandika, inayopima kwa vipeo vya 2, nayo inasema ni tasa. Nihakikisheje bila kugawa mara maelfu? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Si tasa. Hiyo ni 2³² + 1, namba ambayo Fermat, Mfaransa wa karne ya 17, aliamini ni tasa, hadi mwaka 1732 mwanahisabati Euler alipoonyesha kuwa inagawanyika kwa 641. Wewe uliishia 100.

Kinachookoa muda ni hiki: kigawo tasa chochote cha namba hii, ukikigawa kwa 128, lazima kibakize 1. Basi andika 129, 257, 385, 513, 641. Tasa humo ni 257 na 641 tu. Kwa 257 baki ni 2. Kwa 641 hakuna baki, jibu ni 6,700,417.

Tena unaweza kuthibitisha bila kugawa, na hapa ndipo penye utamu. 641 ni 5 × 2⁷ + 1, na pia ni 5⁴ + 2⁴. Hapa “sawa” maana yake ni kubakiza sawa ukigawa kwa 641, ambapo −1 ni pungufu ya 1. Kwa hiyo, kwa 641, 5 × 2⁷ ni sawa na −1. Ipe kipeo cha 4: 5⁴ × 2²⁸ ni sawa na 1. Lakini 5⁴ ni sawa na −2⁴, hivyo −2³² ni sawa na 1. Hamisha: 2³² + 1 ni sawa na 0, yaani 641 inaigawa bila baki.

Je, 6,700,417 nayo inagawanyika? Vigawo vyake vinafuata sharti lilelile la 128, na kipeuo chake cha pili hakifiki 2,589. Ukiondoa 257, zimebaki 641, 769, 1153 na 1409. Baki zake ni 44, 120, 334 na 622. Hiyo ni tasa kweli.

Programu yako imekosea kwa sababu ya 2 yenyewe. Ukiita namba yako N, kipimo hicho huangalia kama 2 yenye kipeo N − 1, ikigawanywa kwa N, inabakiza 1. Hapa 2³² inabakiza −1, kwa hiyo 2⁶⁴ inabakiza 1. Na kwa kuwa N − 1 ni kigawe cha 64, kipimo hicho hupita daima. Weka 3 badala ya 2, utaona baki si 1. Angalia pia nafasi ambayo kompyuta hutumia kuhifadhi namba: katika biti 32, N hugeuka kuwa 1, na hata katika biti 64 kuzidisha baki mbili kunaweza kufurika.