Fritata ya tambi inapasuka nikiigeuza, na katikati bado mbichi

SWALI: Habari za kazi. Nilikuwa na spageti za jana, kama nusu kilo hivi, zimeshachanganywa na rojo la nyanya. Nikapiga mayai matatu, nikachanganya, nikatia na jibini laini ya mozarela mbichi iliyokatwakatwa, nikamimina kwenye kikaango cha sentimita 20 juu ya moto mkali. Dakika ya nne nikasikia harufu ya kuungua, na juu bado majimaji. Nilipogeuza, ikatoka vipande vitatu na nusu nyingine ikabaki imeshika chini. Nimekosea wapi? Na je, ni lazima kugeuza?

JIBU: Habari ni njema, karibu. Yaliyokupata yanatoka sehemu nne: mayai machache, kikaango kidogo, maji mengi na moto mkali. Lolote kati ya hayo likija peke yake unaweza kuliokoa. Yakija yote kwa mpigo, hakuna mkono wa kugeuza utakaokusaidia.

Tuanze na mayai. Fritata ni kimanda kinene cha Kiitaliano, na katika fritata ya tambi, chakula chenyewe ni tambi, na yai kazi yake ni gundi. Ndipo inapoachana na kimanda cha kawaida, ambacho yai ndilo mwili na vingine ni viungo tu. Gundi inatakiwa ipake kila uzi wa tambi na kujaza nafasi zilizo kati yake. Yai moja la ukubwa wa kati likitolewa ganda lina gramu 50 hivi, kwa hiyo matatu yalikupa gramu 150 za kushikisha gramu 500 za tambi. Hayatoshi. Kipimo kinachofanya kazi ni yai moja kwa kila gramu 100 za tambi zilizokwisha kupikwa. Nusu kilo inataka mayai matano, sita ikiwa tambi ni kavu sana. Ukivuka hapo inaanza kuwa kimanda kizito chenye tambi ndani, na ile ladha ya tambi zilizokaangika inapotea.

Kama huna kiporo na unachemsha upya, gramu 220 hadi 230 za spageti kavu zitakupa karibu gramu 500 baada ya kuiva. Ziepue dakika moja au mbili kabla ya muda ulioandikwa kwenye pakiti, maana zitaendelea kuiva kikaangoni.

Kwa kipimo hicho cha nusu kilo, jibini kavu iliyokunwa, kama parmesani au pekorino, iwe gramu 60 hadi 70. Hii usiihesabu kuwa pambo. Inaongeza chumvi, na ikiyeyuka kati ya nyuzi inasaidia kushikisha. Chumvi yenyewe iwe robo ya kijiko cha chai tu, kwa sababu tambi zilichemshwa kwenye maji ya chumvi na jibini nayo ina yake. Ukiwa na wasiwasi, kaanga kijiko kimoja cha mchanganyiko pembeni, onja, kisha urekebishe bakuli zima. Pilipili manga usiionee haya, kijiko cha chai kizima kinakubalika. Maziwa si ya lazima. Vijiko vikubwa viwili havidhuru, ila ukizidisha unapunguza nguvu ya yai kushika.

Maji ndiyo yanayosumbua wengi bila wao kujua. Inua spageti zako kwa uma: rojo likidondoka, bado hazijawa tayari kukutana na yai. Zirudishe kwenye kikaango kipana, moto wa wastani, uzigeuzegeuze mpaka rojo ling'ang'anie nyuzi na pasibaki dimbwi chini. Halafu ziache zipoe mpaka ziwe vuguvugu. Ukizitia yai zikiwa za moto, yai litaganda vipande vipande ndani ya bakuli, na yai lililokwisha kuganda haliwezi tena kuunganisha chochote.

Hili la kuzipasha lina faida nyingine. Tambi zilizolala kwenye friji hutoka zimeshikana donge moja lenye umbo la bakuli. Ukilimwagia yai, yai linapita pembeni na kukusanyika chini, na ndani ya donge kunabaki pakavu. Ukija kukata, hapo ndipo panapoachia. Kwa hiyo zitenganishe kwanza. Zenye rojo, zipashe na kijiko kimoja cha maji, uzikaushe kama nilivyoeleza. Zisizo na rojo, zimwagie maji ya moto kwa nusu dakika, uzichuje na kuzikung'uta vizuri. Usizikatekate ziwe fupi, kwa kuwa urefu wake ndio unaozifanya zisukane kama wavu, na wavu huo unabeba nusu ya kazi ya kuzuia fritata isivunjike.

Mozarela mbichi nayo inastahili lawama zake. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji, na ikiyeyuka inayaachia humo humo ndani, pale pale ambapo yai linahangaika kuganda. Ukiipenda, ikate vipande vidogo uiache kwenye chujio kwa saa moja au zaidi, kisha uikaushe kwa kitambaa safi. Mimi ningechagua jibini ngumu kidogo inayoyeyuka, kama provola au skamoza, gramu 100 zinatosha. Na usiichanganye ovyo. Tandaza nusu ya tambi kikaangoni, panga jibini juu yake ukiacha sentimita mbili kutoka ukingoni, kisha funika kwa nusu iliyobaki. Jibini inayogusa chuma inaungua na kushika, na inaondoka na ngozi ya fritata.

Sasa kuchanganya. Piga mayai kwa uma mpaka ute usionekane tena ukining'inia, lakini usiyapige mpaka yatoe povu, maana povu linaacha matundu. Tia jibini iliyokunwa, pilipili manga na chumvi, halafu tambi. Geuza kwa mikono au kwa uma mbili, kisha uliache bakuli dakika kumi, ukigeuza mara moja katikati. Baada ya hapo angalia chini ya bakuli: panatakiwa pabaki yai kidogo, kama vijiko viwili vitatu. Pakiwa pakavu kabisa, ongeza yai moja. Pakiwa na dimbwi, ongeza tambi au jibini. Kipimo hiki cha macho ni cha kuaminika kuliko mizani, kwa sababu tambi hazinywi yai sawasawa siku zote.

Kikaango chako cha sentimita 20 kilikuwa kidogo kwa nusu kilo. Cha sentimita 24 kina eneo kubwa zaidi kwa karibu asilimia 44, na tofauti hiyo yote inakuja kwenye unene. Lenga unene wa sentimita tatu. Ikifika nne au tano, joto linachukua muda mrefu kufika katikati, na muda huo wote ngozi ya chini inaendelea kukaangika.

Hapo ndipo moto mkali ulipokumaliza. Ute wa yai huanza kuganda karibu nyuzi joto 62, na yai lililopigwa ute na kiini pamoja linashika vizuri kwenye nyuzi 73 hivi. Joto hilo si kubwa hata kidogo. Chini ya kikaango kilicho kwenye moto mkali ni moto mara mbili tatu ya hapo, kwa hiyo yai la chini linapita kiwango kwa haraka, linajikamua maji na kuwa kama mpira, na la katikati bado halijasikia lolote. Haraka haikupunguzii muda hapa. Inahamisha tu joto lote upande mmoja.

Fanya hivi. Pasha kikaango moto wa wastani kwa dakika mbili, tia vijiko vikubwa viwili vya mafuta ya zeituni, ukizungushe mpaka mafuta yapande pembeni. Dondosha uzi mmoja wa tambi: ulie chwaa papo hapo, lakini usigeuke rangi kabla hujahesabu kumi. Mimina, sawazisha kwa mgongo wa kijiko, ukandamize kidogo ili nafasi za hewa zizibe. Acha kwenye moto huo huo dakika moja ili ngozi ya chini ishike, kisha punguza uwe mdogo, ufunike.

Kutoka hapo ni dakika nane hadi kumi. Kila baada ya dakika mbili zungusha kikaango robo mzunguko juu ya jiko, kwa sababu moto wa majiko mengi haukai sawa. Futa maji yaliyojikusanya chini ya kifuniko kabla hayajadondokea juu ya fritata. Dakika mbili za mwisho ondoa kifuniko kabisa. Pitisha mwiko bapa ukingoni, kisha tikisa: ikiteleza yote kwa pamoja kama sahani, chini pameshika. Ikitikisika katikati tu, subiri. Inamisha kikaango kidogo. Juu panaweza kuwa na unyevu, lakini kisitiririke kitu. Kugeuza kabla ya dalili hizi mbili ndiko kulikokupa vile vipande vitatu.

Kwa kugeuza, ondoa kikaango motoni na umwage mafuta yaliyozidi, maana ndiyo yanayochoma mikono. Weka juu sahani bapa au kifuniko bapa kinachozidi kikaango kwa sentimita tatu au zaidi. Shika kwa kitambaa kinene, mkono mmoja kwenye mpini na mwingine katikati ya sahani, simama juu ya sinki, geuza kwa tendo moja bila kusita. Kusita katikati ya safari kunaifanya iteleze upande mmoja. Futa kikaango, tia kijiko kimoja cha mafuta, yakipata moto iteleze ndani, uurudishie ukingo chini kwa mwiko. Dakika tano hadi saba zinatosha. Ukiwa na kipimajoto cha chakula, katikati pafike nyuzi 71 au zaidi. Kama huna, chomeka kisu chembamba katikati: kikitoka na yai bichi, ongeza dakika mbili kwenye moto mdogo.

Halafu usiikate. Iache dakika kumi na tano kwenye ubao. Ikiwa ya moto, jibini bado ni uji na yai halijatulia, kwa hiyo hata iliyopikwa vizuri itamwagika kisu kikipita. Kule Napoli, ambako fritata ya makaroni ndiko kwao, watu huila hata ikiwa imepoa kabisa, ufukweni au kwenye matembezi ya Jumatatu ya Pasaka, na kipande kinashikwa mkononi bila uma.

Kuhusu kushika chini: mbali na jibini na mafuta kidogo, kagua kikaango chenyewe. Kile cha kupakwa dawa ya kuzuia kushika kikishakwaruzwa, yai linaingia kwenye mikwaruzo hiyo na hakuna mafuta yatakayokuokoa. Cha chuma kinahitaji kuwa kimekolea mafuta ya matumizi mengi na kiwe na moto kabla ya kumimina. Ukimimina kwenye mafuta baridi, yai linapata muda wa kugandamana na chuma kabla halijaiva.

Kugeuza si lazima. Kama mpini wa kikaango si wa plastiki wala mbao, anza juu ya jiko dakika sita hivi ili chini pashike, kisha kiingize kwenye oveni ya nyuzi 180 kwa dakika 12 hadi 15, au chini ya moto wa juu wa oveni dakika tatu hadi tano, ukiangalia bila kuondoka. Itaiva, na haitavunjika. Utakachokosa ni ule ukoko wa pande zote mbili, na kwangu mimi fritata ya tambi isiyo na ukoko ni nusu ya chakula. Jizoeze kugeuza kwa kikaango kidogo cha tambi gramu 200 na mayai mawili, sentimita 16 hadi 18. Uzito mdogo, hofu ndogo.

Ukitumia makaroni fupi au penne badala ya spageti, ongeza yai moja. Hazisukani, na matundu yake yanabaki na hewa yai lisipoingia, kwa hiyo ziache kwenye yai dakika ishirini.

La mwisho ni kuhusu hizo tambi za jana: ziwe zimelala kwenye friji, na ziwe ziliingia humo ndani ya saa mbili baada ya kuiva. Tambi zilizolala mezani usiku kucha zinaweza kuwa na sumu ya bakteria aitwaye Bacillus cereus, na sumu hiyo haiondoki kwa kukaangwa upya. Zitupe. Fritata yenyewe nayo ifuate saa mbili hizo hizo, na imalizike ndani ya siku tatu. Kuipasha, tumia kikaango kikavu, moto mdogo, dakika tatu kila upande. Maikrowevu inaipasha pia, lakini ukoko utalegea kama mkate uliolowa.