Msumeno wa meza wa zamani: anza na ulimi

Kwenye ukuta wa mabati wa karakana yangu hapa Mafinga kuna tundu la mstatili, inchi moja kwa sita. Sijaliziba na sitaliziba. Lilitobolewa na ubao wa paini ulioruka kutoka kwenye msumeno wa meza, ukanikwangua ubavu wa kushoto, ukaenda zake.

Siku hiyo nilikuwa nachana mbao mbichi za fremu za milango. Mashine nilikuwa nimeinunua miezi miwili nyuma kwa mzee mmoja wa Makambako aliyekuwa anaacha kazi: meza nzito ya chuma, mota ya fezi tatu, bledi ya inchi 12. Kava ya kufunika bledi haikuwepo. Mzee alisema ilishapotea siku nyingi, nami sikushtuka, maana karakana zote nilizopitia tangu nikiwa mwanagenzi mashine zilikuwa wazi vilevile. Ubao ulipobakiza kama futi moja kuisha, nikasikia mlio wa mota umebadilika, umekuwa mzito, kama fuso linalopanda mlima na gia kubwa. Kabla sijafikiri lolote ubao haukuwepo tena mezani. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umebaki hewani, upana wa vidole vitatu kutoka kwenye meno.

Naeleza kirefu kwa sababu wengi wetu tunaamini ajali ya msumeno ni fundi kusahau akapeleka kidole. Mara nyingi ubao ndio unaoanza. Meno ya mbele, upande uliosimama wewe, yanashuka na kukandamiza ubao mezani; hayo hayana neno. Meno ya nyuma yanapanda. Paini yetu inavunwa ikiwa changa, tena inakuja karakana ikiwa na maji, kwa hiyo ukiichana zile pande mbili zinajikunja na kuibana bledi kwa nyuma. Meno yanayopanda yakishaudaka ubao, yanaunyanyua na kukurushia. Bledi ya inchi 12 kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, ncha ya jino inakwenda kilomita kama 170 kwa saa, mara mbili ya basi linalopita hapa barabarani kwenda Tunduma. Na mkono uliokuwa unausukuma ubao, ubao ukiondoka, unaangukia wapi?

Kabla ya kufunga kifaa chochote cha kinga, zima umeme kwenye meni na upime mashine yenyewe. Chukua chaki, weka alama kwenye jino moja. Lizungushe hadi mbele ya meza, pima kwa futi kamba kutoka kwenye jino hilo hadi kwenye reli ya kuongozea ubao. Kisha lizungushe jino hilohilo hadi nyuma, upime tena. Vipimo viwe sawa. Kwangu nyuma kulikuwa kumepungua milimita 3, maana yake reli yenyewe ilikuwa inausukumia ubao kwenye meno yanayopanda. Tangu nianze kuitumia mashine ile nilikuwa najitegea mtego. Tikisa pia shafti, kile chuma kinachozungusha bledi, kwa mkono. Ikicheza, beringi zimekwisha, na hapo pesa yako yote iende kwenye beringi kwanza.

Sasa ulimi. Ni bamba la chuma linalosimama nyuma ya bledi, ndani ya mkato, kuzuia pande mbili za ubao zisikutane. Ningeambiwa nichague kifaa kimoja tu ningechukua huu, na ndio ambao mashine nyingi za zamani hazina, au zilikuwa nao ukafunguliwa. Unene wake ndio kila kitu. Lazima uwe mkubwa kuliko mwili wa bledi na mdogo kuliko upana wa meno. Bledi yangu ina mwili wa milimita 2.2 na meno ya 3.2, nikachongesha ulimi wa milimita 2.5. Ukiwa mwembamba kuliko bledi haufanyi kazi yoyote. Ukiwa mnene kuliko meno, ubao unakwama katikati na fundi anaanza kusukuma kwa nguvu, jambo ambalo ni hatari kubwa zaidi. Azima venia, kile kipimo cha kupimia unene, usikisie kwa macho. Ukingo wa mbele ufuate mviringo wa bledi, ukae karibu nayo, usizidi milimita 8 kutoka kwenye meno. Kimo chake kiwe chini kidogo ya jino la juu kabisa, ili uweze kuchimba mfereji kwenye ubao, bila kuukata hadi juu, na bila kuufungua ulimi.

Pa kuufungia panategemea mashine. Zile zetu zilizochomelewa hapa hapa, za fremu ya engo, ambazo bledi haipandi wala haishuki, ulimi unafungwa kwa bolti mbili chini ya meza na kazi imeisha. Yangu bledi inapanda na kushuka, kwa hiyo ilibidi ulimi ushikwe na kile chuma kinachobeba shafti, upande na kushuka pamoja na bledi. Fundi wa kuchomelea alifunga mara mbili, mara ya kwanza ukakaa upande. Weka rula ndefu ya chuma iguse mwili wa bledi na ulimi kwa pamoja, utaona ulipopinda.

Gharama yote haikufika bei ya bledi moja nzuri.

Kava nilikosea. Niliweka boksi zito la bati juu ya bledi, halionyeshi ndani, na kila ukitaka kuchimba mfereji ulifungue kwa spana. Kijana wangu aliniambia mapema, "Bosi, hii inatuchelewesha." Nilimkatalia. Wiki ya pili nikalikuta chini ya benchi, na kusema kweli alikuwa na haki. Kinga inayomzuia fundi kuona mstari wake haitakaa kwenye mashine. La sasa linaning'inia kwenye mkono wa bomba kutoka juu, ni la plastiki ngumu inayoonyesha, linanyanyuka kwa kidole na kurudi lenyewe. Hilo halijafunguliwa na mtu.

Swichi, tafadhali msiipuuze. Mashine za zamani nyingi zina swichi ya mkono, ile ya kuinua na kushusha. Umeme ukikatika bledi inasimama, watu wanakaa, mtu anaingiza vidole kutoa vipande vilivyokwama mezani, na swichi iko vilevile imewashwa. Umeme unarudi. Kwangu ulirudi kijana akiwa ndiyo kwanza amegeuka kuchukua ufagio, na nilikaa chini kwenye maranda kwa sababu miguu ilikataa. Kesho yake fundi umeme alifunga swichi ya sumaku, yenye kontakta (swichi inayoshikwa na sumaku) na ovalodi (kinga ya mota ikizidiwa). Umeme ukikatika sumaku inaachia, na ukirudi mashine inabaki imezimwa hadi mtu abonyeze kitufe cha kijani. Tuliongeza na kitufe kikubwa chekundu usawa wa goti, ukigonge hata kama mikono yote imeshika ubao.

Fimbo ya kusukumia ni kipande cha plaiwudi cha sentimita 45 chenye mdomo kama wa ndege. Usitumie chuma. Inchi 12 za mwisho za ubao wowote, mkono unatoka na fimbo inaingia. Tundika mbili kwenye mashine yenyewe, kulia na kushoto, kwa sababu fimbo iliyoko benchi la pili hakuna atakayeifuata.

Kitana ni ubao ambao ncha yake imekatwa kwa pembe ya digrii 30, kisha ikachanwa kwa msumeno wa mkono iwe na vidole vyembamba; unaubana ubao unaochanwa kwenye reli na kuuzuia usirudi nyuma. Ufunge mbele ya bledi, upande uliosimama wewe. Ukiufunga usawa wa bledi unabana mkato, na umerudi kwenye tatizo la ulimi.

Vijana wananionyesha ile video ya Marekani ya soseji inayosukumwa kwenye bledi badala ya kidole, mashine za SawStop zinazosimamisha bledi kwa chini ya milisekunde 5 zikigusa nyama. Ni kazi ya ajabu na naiheshimu. Ila breki ile imejengwa ndani ya mashine yao, huwezi kuinunua ukaifunga kwenye chuma cha Makambako.

Kuna jambo moja la huku kwetu. Juni na Julai Mafinga inauma, na fundi anakuja kazini na sweta juu ya sweta, skafu, glavu za sufu. Jino la msumeno likidaka uzi wa glavu linavuta mkono wote, halikati uzi peke yake. Kwangu glavu na skafu zinavuliwa mlangoni na mikono ya sweta inakunjwa hadi kwenye kiwiko, hata kukiwa na ukungu. Nimeweka jiko la mkaa nje, mbali na maranda. Watu wanaota moto hadi vidole vikunjike vizuri, ndipo mtu anabonyeza kijani.