Mkopo wa korona haukusamehewa, uliombewa muda

Msomaji mmoja wa Kasulu kaniandikia. Ana mkopo wa biashara, wateja wamepungua, na anauliza: "Dada, benki hawawezi kunisamehe kama walivyosamehe watu wakati wa korona?"

Nilicheka, halafu nikakasirika. Sikumkasirikia yeye, nilichukizwa na uvumi huo ambao mpaka leo haujafa. Hakuna aliyesamehewa, mdogo wangu. Mkopo nilikuwa nao, najua ninachosema.

Wakati ule nilikuwa navusha sabuni, unga na vyombo vya plastiki kutoka Kibirizi, Kigoma, kwenda Kalemie, ng'ambo ya ziwa upande wa Kongo, narudi na vitenge. Machi 2020 Rais Tshisekedi akafunga mipaka ya Kongo kwa abiria, mizigo ikaruhusiwa kupita. Wenye shehena kubwa walipumua. Lakini sisi wadogo mzigo wetu husafiri na mwenyewe: unapanda nao boti, unashuka nao, unauza mwenyewe, unadai mwenyewe. Mwenye mzigo akizuiwa, ruhusa ya mzigo inamsaidia nani?

Huku kwetu hatukufungiwa ndani kama ndugu zetu wa Kigali na Kampala. Rais Magufuli alikataa, na soko letu la Mwanga, Kigoma, liliendelea kufunguliwa. Watu wakadhani basi hatuna shida. Soko wazi bila mteja ni kivuli tu, unakaa pale na kulipia ushuru.

Serikali za wenzetu zilikuwa zinamwaga fedha. Marekani ilituma hadi dola 1,200 kwa mtu mzima mmoja, Kenya ikashusha VAT kutoka asilimia 16 hadi 14. Sisi tulipata hatua za Benki Kuu, Mei 2020. Kiasi cha amana ambacho benki hulazimika kuweka Benki Kuu kilishuka kutoka asilimia 7 hadi 6, na riba ya benki kukopa huko ikashuka kutoka asilimia 7 hadi 5. Maana yake benki zipate fedha zaidi za kukopesha. Vizuri, ila mimi sikuhitaji mkopo mpya. Nilihitaji muda.

Muda nao ulikuwemo, na hapo ndipo uvumi ulipozaliwa. Benki Kuu iliziruhusu benki kupanga upya marejesho ya wateja walioathirika, kila mmoja akiangaliwa kwa hali yake. Iliruhusu tu, haikulazimisha. Nani angekuja Kibirizi kukutafuta akuangalie?

Nilikwenda. Afisa mikopo akaniambia mbele ya foleni nzima, "Mama, ulikopa ukijua." Sauti ile bado naisikia, na sitajifanya nimeisahau. Aliongeza kwamba hajapokea maelekezo yoyote. Nikarudi na tangazo lenyewe la Benki Kuu limechapwa, daftari langu la mauzo na stakabadhi za boti, nikaomba kuonana na meneja. Meneja alisoma, akapekua daftari, akakubali: kwa miezi kadhaa nilipe riba peke yake, na mkopo urefushwe. Riba haikulala, na mwishowe nililipa zaidi ya mkataba wa kwanza. Lakini nyumba ya wazazi wangu Ujiji, iliyokuwa dhamana, haikuguswa. Wapo walionicheka kwa kuhangaika na makaratasi ambao leo wanaishi nyumba za kupanga.

Msaada ulionifikia bila kuomba ulikuwa wa simu. Kikomo cha miamala ya pesa kwa simu kwa siku kilipanda kutoka shilingi milioni 3 hadi milioni 5, nami nilikuwa nimeanza kupeleka dagaa Dar. Mnunuzi akawa analipa mzigo wote mara moja.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: nenda mapema. Nenda kabla rejesho halijakosekana, ukiwa bado una jina safi. Beba daftari. Kama huna daftari, anza leo, maana maneno ya mdomo hayapimwi. Na nenda mapema, narudia, kwa sababu najua tabia yetu wanawake wa biashara: rejesho likikaribia tunazima simu, tunakopa kikoba kulipia benki, halafu tunakopa kausha damu, ile mikopo ya riba kali, kulipia kikoba. Acheni. Deni halijui kwamba umezima simu. Mnasubiri serikali itangaze, na ikitangaza hamsomi, mnangoja jirani awasimulie. Mnaomba mgeuziwe hali huku barua ya ukurasa mmoja mmeshindwa kuandika!

Wakikubali, uliza kama riba inaendelea na jumla mpya ni shilingi ngapi, kabla ya kusaini. Na barua yako ya maombi iwe na kopi, igongwe muhuri wa kupokelewa, ubaki nayo. Yangu ilinifaa baadaye, mfumo wao ulipoanza kunihesabia penati za kuchelewa kwa miezi ileile waliyonipa. Niliitoa kwenye pochi, nikaiweka mezani kwa yule yule afisa mikopo, penati zikafutwa siku hiyohiyo.