Sanduku la Maswali: Kura zikihesabiwa, na siku zinahesabiwa

Mwezi huu meseji karibu zote ni za uchaguzi wetu wa Uganda wa Januari 15, 2026, na zaidi ni za yale yanayokuja baada ya kura. Za ndoa na za magonjwa ya kuku nimeziweka pembeni hadi toleo lijalo, wenye kuku mnisamehe. Nyingine nimezifupisha maana kuna aliyeniandikia kurasa sita bila nukta hata moja.

Hivi kwa nini kila uchaguzi wanazima intaneti? Sisi wa boda tunakula kupitia simu, siku hizo ni njaa tu. Ni kutuzuia tusitukane? — Dereva wa boda, Kisenyi, Kampala

Matusi si shida yao kubwa ndugu yangu, mnatukana mwaka mzima na mtandao unabaki, anayefungwa ni mtu mmoja mmoja. Angalia tarehe za 2021 utaona kitu. Facebook ilifungwa Januari 12, siku chache baada ya kampuni yenyewe kufuta akaunti zilizohusishwa na serikali, tarehe 13 jioni intaneti yote ikazima, 14 watu wakapiga kura gizani, 16 tume ikatangaza Museveni ana asilimia 58 na mpinzani wake Kyagulanyi, yaani Bobi Wine, 35, halafu intaneti ikaanza kurudi tarehe 18. Yaani ilizimwa kabla ya kura na ikarudi matokeo yameshatangazwa! Facebook yenyewe ndio hiyo mpaka leo tunaingia kwa VPN kama wezi.

Sasa jiulize ni kitu gani kinatembea nchini siku hizo tano. Ni fomu ya DR. Kura zikishahesabiwa pale kituoni, mbele ya watu, msimamizi anajaza fomu ya matokeo, mawakala wanasaini na kila mmoja anapewa nakala yake. Vituo 2021 vilikuwa zaidi ya 34,000. Mgombea anayetaka kusema kaibiwa lazima azikusanye zile karatasi kutoka Kisoro mpaka Kaabong, ajumlishe mwenyewe, alinganishe na za tume. NUP, chama cha Kyagulanyi, walikuwa wameandaa programu ya simu ya kupiga picha fomu na kuzituma, haya, intaneti hakuna, unatuma na nini? Na 2016 walizima mpaka mobile money siku ya kura, kwa hiyo hata nauli ya wakala aliyeko Karamoja huwezi kumtumia.

Katiba inampa mgombea siku 15 tu tangu matokeo yatangazwe awe ameshafikisha kesi Mahakama ya Juu, zamani zilikuwa 10. Mimi nimefuatilia chaguzi zetu miaka mingi na naona watu tunaangalia mabomu ya machozi tu, moshi unatuziba macho, hatuangalii kalenda. Msako wa baada ya kura kazi yake kubwa ni kula zile siku. Intaneti inakula za mwanzo, wanajeshi getini kwa mgombea wanakula zinazobaki.

Mimi ni mama, niko Arua. Kijana wangu yuko Kampala anauza nguo Owino. Novemba 2020 walimbeba akakaa wiki mbili hatujui aliko, akarudi. Safari hii wakimchukua nianzie wapi? — Mama, Arua

Mama, pole sana, na shukuru Mungu alirudi. Ile Novemba tunaikumbuka wote, Kyagulanyi alikamatwa Luuka tarehe 18 kwa sababu ati ya kuvunja masharti ya korona, Kampala ikawaka, ndani ya siku mbili watu 54 wakafa kwa hesabu ya serikali yenyewe, na Rais mwenyewe alikubali kuna waliouawa kwa risasi za kupotea, watu waliokuwa kwenye shughuli zao. Baada ya hapo zikaja zile HiAce zisizo na namba, vijana wakaziita droni. Machi 2021 waziri wa mambo ya ndani akapeleka Bungeni orodha ya watu 177 walioshikiliwa, na kuna familia zilisoma ile orodha juu mpaka chini jina hazikuliona.

Kwa hiyo maandalizi yaanze sasa, kabla. Mwambie kijana aache kwa mtu mmoja wa karibu pale sokoni jina lake kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, namba yako wewe, na namba ya mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, wa anapolala. Kama ana bereti nyekundu ya wafuasi wa Kyagulanyi aiache nyumbani, maana 2019 jeshi liliitangaza kuwa sare yake na kuna watu wameshtakiwa kwa kukutwa nayo, hata kama wewe na mimi tunaona ni kofia tu.

Akichukuliwa, andika saa. Usiseme "jana jioni", andika saa na dakika, mahali, gari rangi gani, waliovaa sare ni sare gani, waliona kina nani. Sababu ni kwamba ibara ya 23 ya Katiba inasema mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani si zaidi ya masaa 48, na bila saa ya kuanzia huna cha kuhesabu. Saa hiyo hiyo ndugu aliyeko Kampala aende kituo cha polisi cha karibu na alipokamatwa aulize kama jina liko kwenye kitabu cha mahabusu, wakisema hayupo aende kituo kikubwa kinachofuata, na kila kituo aandike jina la askari aliyemjibu. Asiende peke yake, aende na mwanasheria au hata mwenyekiti wa LC, mwanamke mtu mzima akiwepo inasaidia, sijui kwa nini lakini nimeona inasaidia.

Akipatikana polisi, bondi ni bure. Wameibandika wenyewe ukutani. Atakuja mtu mwenye sauti ya upole akwambie yeye anamjua OC, mkuu wa kituo, alete laki tano mambo yaishe, huyo mkwepe, na wale wanaopiga simu kusema "tunaye, tuma hela ya kumtoa" ndio wakwepe zaidi, wanaokota namba kwenye matangazo ya kutafuta watu.

Masaa 48 yakipita hujamwona, kuna njia mbili na zote zifanye pamoja. Tume ya Haki za Binadamu ina ofisi hapo hapo Arua, nenda kafungue malalamiko, hulipi. Ya pili ni Mahakama Kuu, mwanasheria anaomba amri kwamba anayemshikilia amlete mtu mahakamani, wao wanaiita habeas corpus, na Katiba inasema haki hiyo haiwezi kusimamishwa kwa sababu yoyote ile. Kuna mawakili wa msaada wa sheria wanaofanya bila malipo, waulizie kupitia chama cha wanasheria. Sitakudanganya kwamba amri ikitoka mlango unafunguka kesho yake, kuna waliopata amri na watu wao hawakuletwa. Lakini mtu ambaye jina lake limeshaandikwa mahakamani ni mgumu zaidi kupotezwa kuliko ambaye jina lake halipo popote.

Na wakimpeleka mahakama ya jeshi? Januari 31, 2025 Mahakama ya Juu iliamua kushtaki raia huko ni kinyume cha Katiba, tukapiga vigelegele, Mei mwaka huo huo Bunge likapitisha sheria mpya inayoirudisha na Juni Rais akasaini. Mwambie mwanasheria aitaje ile hukumu siku ya kwanza kabisa.

Mimi mzee wa Bombo, nimeona panda gari, ile misako ya wakati wa Obote, nimeona vita. Vijana wa sasa wanaandamana kwa ajili ya nini, si watulie wale ugali wao? — Mzee, Bombo

Shikamoo mzee. Sina cha kukufundisha wewe kuhusu vita vya Luwero, ila nikukumbushe mwanzo wake. Kura zilipigwa Desemba 10, 1980, Paulo Muwanga akajipa mamlaka ya kutangaza matokeo yeye mwenyewe, UPC, chama cha Obote, wakatangazwa washindi, na Februari 6, 1981 Museveni akavamia Kabamba akisema kura zimeibwa. Wanaowaambia vijana leo watulie ni wale wale ambao wao hawakutulia. Mimi siwaambii vijana washike chochote mkononi, jiwe hata moja, ila kutembea na bango ni haki iliyoandikwa ibara ya 29, na Machi 2020 Mahakama ya Katiba ilifuta kile kifungu cha 8 cha sheria ya mikutano ya hadhara kilichokuwa kinampa polisi nguvu ya kuzuia mikutano. Tena 2011 wapinzani hata bango hawakuwa nalo, walisema tu tunatembea kwenda kazini maana petroli na chakula vimepanda, kiongozi wao Besigye akavunjiwa kioo cha gari akamwagiwa pilipili machoni akaishia kutibiwa Nairobi. Kutembea tu mzee wangu!

Unasema siku 15 ni chache. Mbona Kenya wana siku 7 na mahakama yao ilifuta uchaguzi? Hiyo hoja yako ya siku haishiki. — Mwanafunzi, Busia

Swali zuri, na umenibana kweli. Ni sahihi, Kenya mgombea ana siku 7 kufungua kesi na majaji wana siku 14 kuamua, sisi ni 15 na 45. Na Septemba 1, 2017 Jaji Mkuu Maraga na wenzake walifuta. Wala usidhani ilikuwa amani, Kisumu na Mathare watu walikufa baada ya yale matokeo ya Agosti.

Lakini linganisha siku zenyewe zilikuwa na nini ndani. Raila, mgombea aliyeshtaki, zile siku 7 alikuwa huru, anakutana na mawakili wake, anatoka, anahutubia. Mahakama ikaamuru tume ifungue seva zake zikaguliwe, na tume iliposhindwa kutii majaji wakaliandika hilo dhidi yake. Ikaonekana pia kwamba matokeo yalitangazwa kabla fomu zote za 34A, yaani za matokeo ya vituo, hazijafika.

Huku kwetu 2016 Besigye alikuwa amezingirwa nyumbani kwake Kasangati, zile siku 10 zote zikaisha hajafungua kesi. Aliyefungua ni mgombea mwingine, Amama Mbabazi, siku ya mwisho, Machi 1, na siku chache baadaye ofisi za mawakili wake zikavunjwa, kompyuta na mafaili yakabebwa. Majaji 9 kwa 9 wakaitupa kesi. Halafu 2021 Kyagulanyi alikaa Magere amezungukwa na wanajeshi mpaka Jaji Elubu aliposema Januari 25 kwamba kumfungia nyumbani ni kinyume cha sheria, wakaondoka kesho yake. Hesabu mwenyewe, matokeo yalitangazwa 16, siku 10 zimeshaliwa, zimebaki 5 za kukusanya karatasi za nchi nzima. Akafungua Februari 1, mahakama ikakataa aongeze hoja, ikakataa na ushahidi uliochelewa, Februari 22 akaiondoa kesi akisema haamini majaji. Watu walimcheka kwa kujitoa. Mimi sikucheka.

Kuna kitu kingine pia, nisikufiche. Sheria yetu inasema hata ukithibitisha kwamba taratibu zilivunjwa, uchaguzi haufutwi mpaka uonyeshe makosa yaliyagusa matokeo kwa kiasi kikubwa. 2001 majaji wote walikubali sheria ilivunjwa, kisha wakagawanyika 3 kwa 2 Museveni akabaki. 2006 hivyo hivyo, 4 kwa 3. Yaani jaji mmoja tu! Kuthibitisha "kiasi kikubwa" unahitaji namba, namba ziko kwenye fomu za DR, na fomu zinahitaji siku na watu walio huru. Kwa hiyo hoja yangu nadhani bado imesimama, ila nakushukuru kwa kuitikisa. Majaji wenyewe 2016 walipendekeza muda wa kusikiliza kesi ufike walau siku 60, Bunge likatoa 45.

Nafanya biashara Mutukula, Oktoba upande wa pili tuliona mpaka unakuwa kimya. Wenzetu wao wanaenda mahakama gani? — Mfanyabiashara, Mutukula

Hawana. Katiba ya Tanzania ibara ya 41(7) inasema tume ikishamtangaza Rais hakuna mahakama ya kuchunguza. Kwa hiyo baada ya Oktoba 29, 2025, intaneti imezimwa, amri ya kutotoka nje Dar es Salaam, Samia katangazwa na karibu asilimia 98, hakukuwa hata na siku za kuhesabu. Wewe weka akiba ya bidhaa na ya hela taslimu kuanzia wiki ya kwanza ya Januari, mpakani mnaumia pande zote mbili.

Mume wangu ni polisi, tunaishi barracks Nsambya. Akipewa amri ya kupiga watu afanye nini? Hatulali. — Mke wa askari

Dada yangu, barua yako niliisoma mara mbili. Sheria iko wazi: ile ya kuzuia mateso ya 2012 haikubali mtu ajitetee kwa kusema nilitumwa na bosi, na ya 2019 ya utekelezaji wa haki za binadamu inamfanya askari alipe yeye binafsi. Bosi wake hatakuwepo siku ya hukumu kumlipia.

Lakini najua pia nyumba mnayolala ni ya kazi na karo inatoka kwenye huo mshahara, kwa hiyo sitakuandikia maneno ya kishujaa hapa nikiwa nimekaa kwenye kiti changu. Awe na kadaftari kadogo mfukoni. Kila akipangiwa kazi aandike tarehe, saa, mtaa, nani alitoa amri na alisema nini, maana siku zile mitaani kunakuwa na watu wenye bunduki waliovaa kiraia, na baadaye lawama inamwangukia aliyevaa sare na namba kifuani. Akiambiwa apige, aombe amri itolewe kwa sauti mbele ya wenzake, kuna makamanda wakisikia hivyo wanabadilisha neno. Akiweza kubaki kwenye kuelekeza magari au kulinda kituo aombe mapema, kabla ratiba haijapangwa, wiki hii kama inawezekana. Na kale kadaftari akirudi usiku akupe wewe ukaweke.