Sumaku imeshika, asidi ya nini tena? Jibu kuhusu peni ya 1943

SWALI: Mzee wa maabara, salamu kutoka Kampemba, hapa Lubumbashi. Marehemu baba yetu alifanya kazi ya treni, akifika mpaka Ndola, Zambia. Katika vitu vyake tumekuta mkebe wa maziwa umejaa sarafu za kigeni. Kuna peni ya Marekani ya 1943, nyekundu kama shaba, lakini sumaku inaishika. Fundi mmoja hapa mjini aliipiga metorex, ile bastola ya kupima metali kwa miale, ikaandika shaba. Anasema sumaku inadanganya, na kwa dola 50 ataiosha kwa asidi ili metali yake ya kweli ionekane, kisha atafute mnunuzi wa nje. Kuna peni mbili za 1982, moja nyepesi kuliko mwenzake, na moja ya 1996 ambayo herufi zake ni kama zimeandikwa mara mbili. Ile ya kijivu ya Belgique 1944 tulimpa mtoto acheze nayo. Nikubali hiyo asidi?

JIBU: Usikubali, mwanangu. Kama sarafu iko kwake tayari, nenda kaichukue leo, haya mengine utayasoma ukirudi.

Peni yako ni ya chuma. Mwaka 1943 Marekani ilikuwa vitani, shaba ikahitajiwa kwa risasi na nyaya, na sehemu ya shaba hiyo ya vita ilitoka hapahapa Katanga, enzi zile mji wetu wa Lubumbashi ukiitwa Élisabethville. Ndiyo maana peni za mwaka ule, zaidi ya bilioni moja, zilipigwa kwa chuma kilichopakwa zinki, rangi ya kijivu, gramu 2.70 kila moja. Chache mno zilitoka za bronzi, yaani karibu shaba tupu, kwa makosa ya kiwandani: vipande tupu vilivyosalia kutoka 1942 viliingia mashineni pamoja na vile vya chuma. Zinazojulikana duniani ni kama 20 hivi. Hizo ndizo watu wanazonunua kwa bei ya nyumba, na hizo sumaku haizishiki hata chembe. Yako mtu aliipaka shaba baadaye, ikiwa imeshatoka kiwandani zamani. Peni za namna hiyo ni nyingi kama mchanga, maana hata kule kwao ulienea uvumi kwamba Henry Ford angempa gari jipya yeyote atakayeleta peni ya shaba ya 1943. Gari halikutolewa kwa mtu, ila mikono iliyojifunza kupaka shaba haikupumzika.

Sasa nije kwenye metorex, maana hapo ndipo ninapokasirika.

Katika mji huu tumeifanya bastola ile kuwa jaji. Mchimbaji akileta gunia la madini, bastola ndiyo inayosema atakula nini siku hiyo. Basi watu wamezoea: kilichoandikwa kwenye kioo ndicho kilichomo. Nimefanya kazi ya kupima metali zaidi ya miaka thelathini na nakwambia mashine ile haina kosa, inajibu kile ilichoulizwa. Miale yake huingia ndani ya metali sehemu ndogo sana ya milimita, kisha hurudi na habari za ngozi. Ukipiga gunia la unga uliochanganywa vizuri, ngozi na tumbo ni kitu kimoja, hivyo jibu linafaa. Ukipiga kitu kilichopakwa, umemhoji mlinzi wa geti ukadhani umeongea na mwenye nyumba. Na naweka dau kwamba kwenye kioo kile palikuwa na mstari wa pili na wa tatu, wa chuma na zinki, ila fundi wako alisoma wa kwanza peke yake.

Sumaku ni maskini lakini inahisi mpaka ndani. Ikishika, kesi ya peni ya 1943 imefungwa. Isiposhika, kesi ndiyo kwanza inafunguliwa! Hilo nalo watu hawalisikii. Kuna wajanja wanaochukua peni ya 1948, ambayo ni shaba asilimia 95, wakakata upande wa kushoto wa 8 ibaki 3. Peni hiyo sumaku haiishiki, na mizani inaonyesha gramu 3.11 sawasawa, kwa sababu metali ni ya kweli na uongo uko kwenye tarakimu. Hapo unahitaji jicho: kwenye peni halisi ya 1943 mkia wa 3 ni mrefu, unashuka chini kuliko tarakimu jirani. Nusu ya 8 haiwezi kushuka hivyo.

Za 1982 hazinichukui muda. Mwaka huo Marekani iliacha bronzi katikati ya safari ikahamia zinki yenye koti jembamba la shaba. Nzito ina gramu 3.11, nyepesi ina 2.5. Zote mbili ni halali, zote zilipigwa kwa mamilioni, na hakuna yenye kosa. Mizani inayosoma sehemu ya mia ya gramu, kama ile ya wanunuzi wa dhahabu, inakumalizia jambo hilo kwa sekunde moja. Na kwa kuwa peni hizo zina ukubwa uleule, tofauti ya uzito ni tofauti ya metali moja kwa moja, huna haja ya kipimo kingine.

Ya 1996 inastahili maneno zaidi. Kosa linalotafutwa na wakusanyaji huzaliwa kwenye chapa yenyewe, kile chuma kigumu kinachogonga sarafu. Chapa ikitengenezwa kwa kugandamizwa mara mbili, na mgandamizo wa pili ukayumba kidogo, basi kila sarafu inayotoka pale inabeba maandishi mawili. Maarufu kuliko zote ni peni ya 1955 ya kiwanda cha sarafu cha Philadelphia: tarakimu na herufi zake zimerudufika hivi kwamba hata mimi na macho haya naziona bila miwani. Herufi ya kwanza na ya pili yake zote zimeinuka, zina mabega ya mviringo, na nchani mwa herufi unaona mpasuko mdogo kama ulimi wa nyoka.

Ukiona badala yake ngazi bapa pembeni mwa herufi, kama mtu amekanyaga ukingo wake, hiyo ni chapa iliyotikisika wakati wa kugonga. Haina bei. Na kwa peni za zinki, kama hiyo yako, kuna udanganyifu mwingine ambao nauona karibu kila mwezi. Koti la shaba ni jembamba, zinki ndani ni laini. Pale herufi inapoinuka, koti huvutwa likachanika, na kando ya herufi hubaki mstari wa kijivu. Kwenye picha ya simu mstari ule unafanana kabisa na herufi ya pili. Ichukue nje kwenye jua, igeuze polepole: ukiona kijivu, ni zinki inachungulia kupitia nguo iliyochanika. Vipele vidogo vya hewa chini ya koti pia si makosa ya kutajirisha mtu, hata kama umeambiwa hivyo kwenye video. Tangu Marekani ilipopiga peni yake ya mwisho ya matumizi ya kawaida, Novemba 2025, video hizo zimezidi, na kila mwenye mkebe anajiona tajiri.

Asidi sasa. Huyo fundi anajua nusu ya kazi. Ni kweli asidi ya nitriki hujibu tofauti kwa kila metali: shaba hutoa moshi wa kahawia na kuacha maji ya kijani yanayoelekea bluu, zinki huchemka kwa hasira. Kwa kipande cha waya ni kipimo kizuri. Kwa sarafu ni sawa na kumpasua mgonjwa tumbo ili ujue kama ana njaa. Mkusanyaji hanunui metali. Shaba iliyomo katika peni ni ya senti chache tu, na sisi wa Katanga tungekuwa wa kwanza kulijua hilo. Anachonunua ni uso: mistari midogo iliyoachwa na chapa, na ile rangi ya kahawia ambayo shaba huivaa yenyewe kwa miaka. Uso ukishaliwa na asidi haurudi. Limau na chumvi hufanya vilevile polepole, dawa ya meno hukwaruza, na tupa ya ukingoni “kuona ndani” inaacha kidonda ambacho mnunuzi atakiona kabla hajasoma mwaka.

Naongea kama mtu aliyeungua. Nikiwa kijana, mjomba aliniletea kutoka ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa peni ya Rhodesia na Nyasaland, ile yenye tundu katikati na tembo wawili. Niliisugua kwa dawa ya kung'arishia shaba mpaka ikawa kama kitasa cha kanisa. Nikampelekea mzee mmoja mkusanyaji, Mgiriki wa mjini. Aliishika, akanirudishia bila neno, akaendelea na kahawa yake. Ninayo mpaka leo, inang'aa bure.

Na ugonjwa huu haukomei kwenye peni za Wamarekani. Misalaba ya shaba ya wazee wetu, ile iliyotumika kama mali kabla ya mzungu yeyote kufika, naiona sokoni imesuguliwa kwa mashine ya kunolea ili iwe “nzuri” kwa mgeni. Ukijani ule waliouondoa ndio uliokuwa cheti chake cha kuzaliwa. Sarafu za Katanga za 1961 ni balaa jingine. Faranga 5 zilipigwa za bronzi na za dhahabu, zote na msalaba wetu juu yake. Leo unaletewa ya bronzi iliyochovywa dhahabu, inapigwa metorex, kioo kinaandika dhahabu na shaba. Mnunuzi anashangilia, kwa kuwa ya kweli nayo ni dhahabu asilimia 90 iliyochanganywa na metali nyingine. Hakuna aliyekumbuka kuiweka kwenye mizani. Ya dhahabu ina gramu 13.33, ya bronzi haifiki 7. Kijana mmoja wa Katuba aliuza pikipiki yake kwa kosa hilo, na mizani ya dola 10 ilikuwa mezani wakati wanapeana mikono.

Anayekutaka ulipe kwanza ndipo akupe mnunuzi, huyo mnunuzi wake ni wewe.

Nimekuachia ile ya kijivu ya Belgique mwishoni. Marekani ilipoacha peni za chuma, Philadelphia ilibaki na vipande tupu vya peni za 1943 visivyotumika. Mwaka 1944 vikapigwa chapa ya faranga 2 kwa ajili ya Ubelgiji: metali ileile, upana uleule, gramu 2.7. Bei yake si kubwa, usije ukamwandikia mtu wa Dubai. Lakini katika mkebe mzima wa baba yako, kipande cha peni ya 1943 ambacho hakuna aliyekipaka rangi pengine ni hicho. Mnunulie mtoto biskuti uichukue, na usiioshe.